Alama ya Baba Niliyoipiga Randa

Nilikosa. Naanza hapo kwa sababu nikianza kwingine nitajikuta najitetea, na mwaka huu nimejitetea vya kutosha.

Jina langu sitalitaja, na ya wengine nimeyabadilisha. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, naishi Machakos mjini, na siku za kazi natunza maabara ya shule ya upili. Jumamosi ndiyo siku yangu. Nyuma ya nyumba nina kibanda cha mabati chenye meza ya kazi, jiriwa, misumeno mitatu na randa niliyoachiwa na fundi mmoja aliyestaafu. Mimi si seremala wa kuitwa seremala. Sijawahi kuuza hata kigoda. Natengeneza vitu kwa kupenda tu, na nisipofanya hivyo nakuwa mkali nyumbani hadi mke wangu ananifukuza niende kibandani.

Tuko wanne wa namna hii, na tuna kikundi chetu cha WhatsApp. Kila Ijumaa jioni kila mmoja anaandika mpango wake wa wikendi: huyu rafu ya vitabu, yule mlango wa kabati. Jumapili jioni unaweka picha. Usipoweka, unachekwa wiki nzima. Kyalo anaishi kwenye gorofa huko Mlolongo na useremala wake anaufanyia kwenye roshani isiyozidi upana wa kitanda, lakini hajawahi kukosa picha. Mimi mwenye kibanda kizima nilikosa wikendi tatu mfululizo.

Nilikuwa nimeandika kwamba nitaunda meza ndogo ya sebuleni. Tatizo lilikuwa mbao. Saiprasi inayouzwa mjini huwa bado mbichi, unaiunga vizuri Jumamosi na Jumatano inajipinda na kuachana. Meza yangu ya kwanza ilipasuka katikati, ya pili ikapinda, na ya tatu hata sikuianza. Kyalo akaandika, "Mkubwa, hiyo meza bado iko leba, haijazaliwa?" Wote wakacheka. Nami nilicheka kwa vidole, lakini moyoni niliumia, na ninajua hamtaamini kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumfikisha mtu mzima mahali pabaya.

Jumamosi iliyofuata, ilikuwa Agosti na shule zimefungwa, nilienda kwetu Kalama kumsalimia Mama. Sikumkuta. Alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Kaka yangu Mutinda, ambaye ndiye anayeishi pale na kulima shamba, alikuwa amepeleka ng'ombe josho. Nikakaa kidogo, nikachoka kukaa, nikaingia kwenye ghala la zamani kuangalia kama kuna ubao wowote mkavu.

Ulikuwa umelala juu ya mawe mawili, nyuma ya magunia. Mzinga wa nyuki wa marehemu baba.

Kwa wasiojua, mizinga yetu ya zamani, ambayo mmoja tunauita mwatu, ni gogo lililochongwa likawa na tundu ndani, unalining'iniza juu ya mti na nyuki wanaingia wenyewe. Baba alikuwa nayo mingi. Baada ya yeye kufa mchwa waliila yote isipokuwa huo mmoja, kwa sababu ulikuwa wa mukau, mti wetu mgumu ambao mchwa hawauwezi. Niliugonga kwa kidole ukalia vizuri. Ulikuwa umekauka chini ya paa hilo miaka zaidi ya kumi. Nilinusa ndani, bado ulinukia asali.

Hapo hapo niliiona meza yangu. Ningelikata gogo lile liwe fupi, nilisimamishe liwe mguu mmoja mnene, kisha juu yake niweke ubao wa duara. Kitu kama hicho hakuna mtu kwenye kikundi chetu angekuwa nacho.

Ningeweza kumpigia Mama simu. Ningeweza kumngoja Mutinda, josho si mbali. Nilijiambia ni gogo kuukuu tu, nani analihitaji. Lakini nilipoliweka ndani ya gari nililifunika kwa gunia. Mtu anayechukua kitu chake hakifuniki. Mkono wangu ulijua kabla ya mimi kukubali.

Nilipofika nyumbani nililifunga kwenye jiriwa nikaanza kazi. Karibu na mwisho mmoja wa gogo kulikuwa na alama, imechomwa kwa chuma cha moto. Alama za mizinga kwetu ni kama jina. Kuna ile ya ukoo, ambayo kila mtu wa ukoo anaijua, halafu mwenye mzinga anaongeza mikato yake mwenyewe pembeni. Mzinga wako unaweza kuning'inia kwenye mti wa mtu mwingine, kwenye shamba la mtu mwingine, na hakuna atakayeugusa, kwa sababu alama inasema ni wako. Mwizi wa asali kwetu alikuwa anaogopwa na kudharauliwa kuliko mwizi wa mbuzi. Haya yote niliyajua. Nilizaliwa humo.

Alama ilikuwa inaharibu sura ya meza. Nilipitisha randa mara tatu, ikaisha. Nikafagia vumbi.

Jumapili jioni niliweka picha. Jamani, nilisifiwa! Kyalo aliuliza mbao hiyo nimeitoa wapi. Nikaandika kwamba nilipewa na rafiki, na yeye akaandika, "Huyo rafiki usimwache." Wiki hiyo nilitembea kifua mbele.

Oktoba, Mutinda akanipigia simu. Alikuwa anangoja mvua. Alikuwa amepanga kuurudisha mzinga wa baba mtini kabla maua hayajatoka, na kwa kuuiga achonge mingine, aiweke alama ile ile, nyuki warudi bomani. Mimi sikuwa najua mpango huo. Hakuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza anafanya nini na siku zake.

"Mwatu wa baba umeenda," aliniambia. "Mtu ameingia kwa store akaubeba. Kuja Jumamosi, tuongee hii maneno."

Ningesema wakati huo, katika simu hiyo, ingekuwa aibu ya dakika tano. Angenitukana, ningeomba radhi, yangeisha. Nilisema, "Ai, kweli? Nitakuja."

Jumamosi hiyo nilimkuta Mzee Ndolo ameketi kwenye benchi chini ya ukuta wa jikoni. Mzee huyu alikuwa mwenzake baba katika kazi ya nyuki tangu ujana wao. Mmoja alipanda mti, mwingine alishika moshi chini. Alikuwa anaishi ng'ambo ya kijito, peke yake, na ndiye mtu pekee mwingine aliyejua mzinga ule ulikuwa wapi. Na kwa bahati yake mbaya, ile Jumamosi ya Agosti alipita bomani kuchukua ngazi aliyokuwa amemwazima Mutinda. Jirani alimwona akitoka karibu na ghala. Mimi hakuna aliyeniona.

Mutinda alikuwa na hasira na hakuificha. "Mzee, sisemi wewe ni mwizi. Nasema mtu pekee mwenye alionekana karibu na store ni wewe."

"Nilichukua ngazi yangu," Mzee Ndolo akasema. "Mwatu wa baba yako nitaupeleka wapi? Niko na miaka themanini. Mti gani nitapanda?"

"Unaweza kuuzia watu. Siku hizi watu wa hoteli wananunua vitu za zamani wanaweka kwa ukuta."

Mzee akasema, "Kama ni hivyo, leteni kithitu. Nitakula."

Kithitu ni kile kiapo cha kwetu ambacho mwongo hathubutu kukila, kwa maana tunaamini kinammaliza yeye na nyumba yake. Mama alisimama mlangoni na kusema, "Kwa hii boma hatuli kithitu. Sisi ni watu wa kanisa." Nami, Mungu anisamehe, nilimshukuru Yesu kimyakimya kwa sababu Mama alikuwa ameokoka.

Sasa sikilizeni kosa langu lenyewe, kwa sababu mzinga ulikuwa mwanzo tu. Mutinda alinigeukia akaniuliza, "Wewe ndio umesoma. Unaona aje?"

Wote waliniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika birika, nilikuwa nikimmiminia mzee chai. Nilisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Ni mzee wetu. Tumsamehe tu, tuwachane na hiyo maneno."

Tumsamehe. Hilo ndilo neno nililotumia. Nilifikiri ninamwokoa, na kumbe nilikuwa nimemfunga. Mpaka wakati ule alikuwa mtu anayeshukiwa. Baada ya neno langu alikuwa mwizi aliyesamehewa.

Mzee Ndolo aliweka kikombe chini bila kunywa. "Nimesamehewa nini?" aliniuliza. Alichukua fimbo yake akaenda. Haikupita mwezi tukasikia amehamia kwa binti yake, Masinga, kwa sababu watoto wa pale kijijini walikuwa wameanza kumwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Mnaweza kudhani baada ya hapo sikulala. Nililala vizuri. Hilo ndilo linalonitisha ninapokumbuka. Nilijiambia mzee atakuwa sawa kwa binti yake, atatunzwa, pengine ni heri hata. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Mambo yalinigeuka Desemba, Mama alipokuja mjini kupimwa presha na kukaa kwetu siku mbili. Joto lilikuwa kali, mke wangu akaitoa ile meza barazani na kumwekea Mama chai juu yake. Mama aliisifu. Aliipapasa akasema nina mikono ya babu yangu. Nilikuwa nimepaka vanishi nje tu. Ndani ya ule mguu niliacha palivyokuwa, na nta bado imeshikamana.

Nyuki wawili walikuja. Walizunguka chini ya meza, wakapenya kwenye mwanya kati ya mguu na sakafu, wakatoka.

"Hawa wanatafuta nini hapa?" Mama aliuliza.

"Ni vanishi, Mama. Harufu yake huwavuta."

Aliinama akanusa ubao karibu na kikombe chake. Akatabasamu. "Kweli inanukia kama asali," akasema. "Kama baba yenu akitoka porini." Kisha macho yake yakajaa. Aliyapangusa kwa leso, akaniambia lililokuwa moyoni mwake. Alisema Mutinda amekuwa mtu wa kununa tangu mzinga upotee, na alikuwa anataka nimfanyie jambo moja, mimi mwenye mikono. Kulikuwa na gogo la mukau nyuma ya choo, limekaa muda mrefu, limekauka. Nimchongee kaka yangu mzinga mpya. "Na uweke alama ya baba yako, vile ilikuwa."

Nikasema ndiyo.

Nilienda kulichukua gogo na nikafanya kazi ile wikendi nne. Sikuandika kwenye kikundi. Nililipasua kwa kabari, nikachonga ndani kwa patasi hadi viganja vikatoka malengelenge, nikaunganisha tena. Naweza kusema bila majivuno kwamba sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Kisha nikawasha moto, nikaweka chuma ndani, nikakaa nacho mkononi hadi kikapoa.

Sikuijua alama.

Ile ya ukoo niliijua. Lakini mikato ya baba mwenyewe, ile aliyoongeza pembeni, ilikuwa mingapi? Ilielekea juu au upande? Nilikuwa nimeitazama kwa jicho la mtu anayetazama doa. Niliwapigia simu kwa ujanja ujanja. Mutinda alidhani ni miwili, hakuwa na hakika, alitegemea kuangalia kwenye mzinga wenyewe. Mama alisema mitatu, halafu akasema hapana. Mizinga mingine yote ilikwishaliwa. Picha sikupiga kabla ya kukata, kwa sababu sikutaka mtu aulize.

Duniani alibaki mtu mmoja tu wa kunijibu, na alikuwa Masinga.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake akipepeta ndengu. Alikuwa amekonda. Aliniitikia salamu kwa adabu zote, akaniletea kiti, akaniuliza habari za Mama. Nilikuwa nimepanga njiani kwamba nitauliza alama tu, kama jambo la kawaida, nirudi. Niliuliza. Akasema, "Kwa nini unaniuliza mimi? Uulize mwenye aliiba."

Nikamwambia, "Mzee, ni mimi niliuchukua." Nikamweleza yote, meza, randa, gunia nililofunikia. Nililia, na sioni haya kusema.

Hakunikemea. Aliendelea na ungo wake hadi ndengu zikawa safi, ndipo akaniangalia. "Kaka yako aliniita mwizi akiwa na hasira," alisema. "Hasira ni kitu naelewa. Lakini wewe ulikuwa unajua, na ukanimiminia chai, na ukaniambia nimesamehewa."

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa. "Hapa Masinga hakuna mtu aliniita mwizi. Hapa hakuna kitu utarekebisha. Utasemea pale pale, wale watu wakiwa, na mimi nikiwa. Alama nitaleta siku hiyo."

Tulikutana Kalama Jumamosi mbili baadaye. Nilimchukua mzee kwa gari langu. Mama alikuwepo, Mutinda alikuwepo, na yule jirani aliyemwona akitoka ghalani. Nilishusha mzinga mpya, kisha nikashusha meza. Mama alicheka kuiona. "Meza yangu!" akasema, akidhani ni zawadi.

Niliongea nikiwa nimesimama. Sikuchukua muda mrefu, kosa kubwa huwa na maneno machache. Nilipomaliza Mama alienda kwenye meza, akailaza ubavu, akaingiza mkono ndani ya ule mguu. Alikwangua kwa ukucha, akanusa vidole vyake.

"Nilikunywa chai juu yake," alisema. Akaingia ndani ya nyumba, na siku hiyo hakutoka tena.

Mutinda aliuliza, "Alama iko wapi?"

"Niliipiga randa."

Nilidhani atanipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Badala yake alimwendea Mzee Ndolo, akapiga magoti mbele yake pale kwenye vumbi, mbele ya jirani, mtu mzima wa miaka hamsini, akamwomba msamaha kwa kosa langu. Mzee alimshika bega akamwinua. Mbuzi wa kumsafisha jina nilimtoa mimi, na hicho ndicho kitu pekee kutoka mkononi mwangu walichokubali siku hiyo, pamoja na mzinga.

Kisha mzee akamwita Mutinda, wakaenda nyuma ya ghala wawili peke yao. Niliona moshi wa moto ukipanda. Nilipoanza kuwafuata mzee aligeuka.

"Wewe kaa hapo," aliniambia. "Wewe alama ulionyeshwa wa kwanza. Ulionyeshwa peke yako."

Waliporudi, mwisho wa mzinga ulikuwa umefungwa gunia, kama lile nililotumia mimi. Ulipandishwa mtini Jumanne, nikiwa kazini. Nasikia nyuki wameingia. Mzee Ndolo amerudi kwake ng'ambo ya kijito, na Mutinda humpelekea maziwa. Mimi Mutinda hapokei simu yangu. Mama hupokea, tunaongea juu ya mvua na afya ya watoto, na akikaribia kunitania kama zamani anarudi kwenye mvua. Kyalo na wenzake wanaandika mipango yao kila Ijumaa. Nimefunga kibanda kwa kufuli.

Ndugu yangu mwenye randa, wewe unayesoma hili ukiwa na mpango wako wa kesho Jumamosi, sikia. Mbao kavu ni tamu, najua. Lakini ukiikuta kwenye ghala la wazazi, chini ya kitanda cha nyanya yako, nyuma ya magunia, weka msumeno chini uulize. Hata kama ni simu moja. Na kama umeshakata, sema leo, kabla mtu mwingine hajabeba gogo lako kichwani mwake. Usimsamehe mtu kwa kosa unalolijua kuwa ni lako.

Ule mzinga mpya niliuchonga kwa mikono yangu, na siruhusiwi kusimama chini yake. Na ile alama ambayo baba aliichoma kwa mkono wake, mtu wa mwisho kuiona ni mimi, na siijui.